Mama Ali wa Mzee Wagdi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni mimi Rawya, na leo kiti kilicho mbele yangu hakina mtu. Kiti hiki mnakijua kwa sauti yake. Kilikuwa kinalia kila Mzee Wagdi alipokikalia, hata fundi mitambo wetu akawa anamwomba, "Mzee, usijitikise, watu wanasikia." Naye humjibu, "Waache wasikie. Hiyo ni shibe."

Mzee Wagdi Sharqawi ametutoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Yule aliyeula mji mzima wa Iskandaria kwa niaba yenu, kuanzia vibanda vya maini vya mtaa wa Bahari hadi maduka ya halua ya Attarine, ametutoka wakati ule wa dhoruba ya Qasim. Tumemzika. Kahawa chungu ya msiba tumeinywa. Leo tunamkumbuka.

Lakini nisiwafiche. Nimekuja hapa kichwa kimenivurugika. Nimekaa na familia yake. Nimemsikiliza mwanawe, nimemsikiliza binti yake, nimemsikiliza mjane wake. Nikitoka kwa mmoja naona nimeelewa, nikifika kwa mwingine naona sikuelewa kitu. Mzee Wagdi aliomba kitu kimoja kabla hajafa. Kimoja tu. Aliomba Mama Ali. Yashikeni maneno hayo mawili, maana nitayarudia: Mama Ali. Na swali linaloninyima raha ni hili: je, alikipata alichokiomba?

Haya, tuanze mwanzo.

Alizaliwa Kom el-Dikka, kwenye nyumba ya ngazi nyembamba. Dada yake, Bi Tafida, aliniambia huku anacheka na kulia kwa pamoja: "Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na mikono ya baraka kwa kila jambo isipokuwa sufuria. Bamia yake paka alikuwa anainusa, anatuangalia kwa huruma, kisha anakwenda zake. Wagdi akasema, kama paka kaondoka, mimi nangoja nini?"

Basi Wagdi akaanza kula nje. Asubuhi maharage kwa mkate kwenye toroli, mchana falafel, zile bajia za maharage, jioni wali wa maziwa kwenye kibakuli. Mama yake akijua ananuna. Yeye anambusu mkono, anamwambia, "Mama, nakwenda kula kwa watu ili niujue utamu wa kwako." Muongo mkubwa! Lakini mama akafurahi, na bamia ikaendelea kupikwa vilevile.

Alipokua akawa kondakta wa tramu. Narudia, kondakta wa tramu, maana wengi wenu mlidhani alisomea mambo ya mapishi. Hakusomea. Aliujua mji kwa tumbo. Abiria akimwuliza ashuke wapi, hamtajii kituo. Anamwambia, "Shuka penye yule anayemwaga ufuta kwenye falafel. Ukinusa vitunguu saumu na pilipili, umepitiliza, hao ni watu wa maini."

Ni kwenye tramu hiyo alikompata mkewe, Bi Insaf. Binti wa mtaa wa Moharram Bey, amesimama, ameshika karatasi ya kaimati za moto. Tramu ikayumba. Shira ikamwagikia sare ya kondakta.

"Binti, umenichafua," Wagdi akasema.

"Basi lamba," Insaf akamjibu. "Usiitupe neema ya Mungu."

Abiria wote wakaangua kicheko. Wagdi akalamba mkono wa shati mbele za watu, akafikiri kidogo, akasema, "Huyu kaimati ana adabu kuliko aliyembeba." Haikupita muda posa ikapelekwa. Walioana, wakahamia Moharram Bey, wakapata Galal, ambaye leo ni fundi wa majokofu, na Nihal, ambaye ni mwalimu. Mtaani kote Bi Insaf anaitwa Mama Galal. Hilo nalo lishikeni.

Mmesikia alivyosema, "huyu kaimati"? Hapo ndipo ulipo ufunguo wa mtu huyu, au ndipo ulipo mkorogo, mimi sijui tena. Mzee Wagdi hakuwahi kuuita mlo kitu. Kwake kila mlo ulikuwa mtu. "Huyu falafel kachoka, kaamka na mafuta ya jana." "Huyu basbusa anajidai, hana alichonacho." "Huyu maharage ni maskini, lakini ana ukoo."

Alipostaafu tramu alitupigia simu hapa redioni kulalamika kwamba mtangazaji wetu mmoja amesifu falafel mkavu. Alizungumza mpaka muda wa kipindi ukaisha. Mkuu wetu akasema, huyu bwana mleteni. Wakamleta, na ndivyo kilivyoanza kile kipindi chenu, "Leo Nimekula". Siku ya kwanza nikamsahihisha hewani. Nikamwambia, "Mzee, maharage ni haya, siyo huyu."

Akaniangalia kama aliyeona inzi kwenye mchuzi. "Rawya binti yangu, wewe mvunjie heshima. Halafu usiku akikufanyia vurugu tumboni usinipigie simu."

Nikaendelea na kipindi. Toka siku hiyo kila mlo ukawa huyu na yule mpaka mwisho.

Alikuwa haingii dukani kama mkaguzi. Aliingia kama mgeni wa harusi. Kule Bahari kuna muuza maini anaitwa Mu'allim Disuqi. Niliongozana na Mzee siku moja, tukasimama penye lile sinia lake jeusi. Mzee akatia tonge mdomoni, akafumba macho.

"Disuqi, umegombana na mkeo?"

"Nani kakwambia?"

"Maini wako kaniambia. Pilipili imewatangulia wageni."

Disuqi akaacha mwiko. "Kaenda kwa mama yake tangu juzi."

"Kamrudishe. Mimi nitakulindia sinia."

Na wallahi alilinda! Disuqi akavua aproni, akaenda. Mzee Wagdi akabaki anakaanga na kuwapigia kelele wateja, "Ngojeni bwana, nyumba ya mtu inajengwa!" Yule mke akarudi. Walikuja msibani wote wawili, na Disuqi alilia kuliko sisi.

Sasa nifike kwenye Mama Ali.

Mama Ali mnamjua. Umm Ali wetu, nani asiyemjua? Mikate myembamba imechanwachanwa, maziwa ya moto yenye sukari, zabibu kavu, lozi, malai juu, kisha ndani ya tanuri mpaka apate rangi. Kwa nini kitamutamu kikapewa jina la mtu, kila nyumba ina hadithi yake na zote mimi siziamini. Hakuna duka la vitamutamu Iskandaria lisilokuwa naye. Na Mzee Wagdi, aliyeonja kila kitu, Mama Ali hakumwonja. Narudia. Miaka yote ile, hakumwonja hata mara moja.

Mlikuwa mkimpigia simu. Nakumbuka yule dada wa mtaa wa Sidi Gaber aliyemkaba koo: "Mzee Wagdi, Mama Ali lini? Au humpendi?"

Kiti hiki kikalia. Mzee akakohoa. "Huyo ni mtu mzima, dada. Mtu mzima hajadiliwi redioni."

"Jamani, ni maziwa na mikate!"

"Basi tuzungumze habari za wali wa maziwa. Huyo ni binti mdogo, hana neno."

Tukacheka. Nilimwuliza nje, "Mzee, una nini na Mama Ali?" Akasema anaogopa zabibu kavu. Zabibu kavu! Mtu ambaye nimemwona anakula ubongo wa kukaanga amesimama kwenye mvua! Nikaona ni vituko vyake tu.

Halafu vuli hii moyo wake ukachoka. Daktari akawaambia wanawe pembeni, mpeni anachotaka. Nihal akamwinamia, "Baba, unataka nini?"

Akasema, "Mama Ali."

Nihal ananisimulia: "Dada Rawya, tulifurahi! Siku zote zile akiletewa chakula alikuwa anageukia ukutani. Mama alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Nikamwona amepauka. Nikadhani ni furaha. Akavaa mtandio, huyoo, akaenda mwenyewe kupanda tramu. Akarudi na bakuli. Baba akaonja kijiko kimoja, akasema, 'Siye.'"

Siye! Mnaona mkorogo ulivyoanza? Mtu mwingine angesema siye, tungejiuliza. Lakini huyu ni Mzee Wagdi, na kwake kila bakuli lina nafsi. Kila mmoja pale akaelewa kitu kimoja: huyu Mama Ali si yule anayemtaka. Basi atafutwe mwingine.

Akatafutwa. Bi Insaf akaenda Attarine. Akaenda Manshiyya. Akaenda kwa yule anayetia nazi, akaenda kwa yule anayetumia maandazi ya jana badala ya mikate myembamba. Habari zikavuja mtaani. Wenye maduka wakaanza kuleta wenyewe, na Disuqi muuza maini, ambaye hajui hata kuchemsha maziwa, alileta bakuli alilolifunika kwa gazeti akisema mkewe kakesha nalo. Nyumba ikajaa Mama Ali. Juu ya friji, juu ya televisheni, kwenye kingo za dirisha. Mzee anaonja kijiko, anatikisa kichwa. Siye.

Nami nilikwenda kumwona. Hili niliona kwa macho yangu. Amelala, amekonda, macho yako mlangoni. Akanishika mkono.

"Rawya. Mama Ali yuko wapi?"

"Anakuja, Mzee. Yuko kwenye tramu."

Uso ukamnawiri. "Yuko kwenye tramu?"

"Ndiyo. Anashuka kituo hiki."

Akatabasamu, akanyoosha kola ya pajama. Nilidhani ni tamaa ya chakula, nikafurahi. Mlango ukafunguka, Bi Insaf akaingia anahema, mtandio umelowa, bakuli limefungwa kwenye taulo. Mzee akamtazama. Akanyoosha mkono. Bi Insaf akautia mkono ule bakuli, akakaa pembeni ya kitanda upande upande kama mtu anayengoja treni.

"Onja."

Akaonja, macho hayatoki kwake. "Siye," akasema.

"Siye?" Tayari amesimama, anafunga mtandio. "Basi kuna mwingine Ramleh, wanasema huyo ni kiboko."

"Mama Ali..." Mzee akasema.

"Nimesikia, baba Galal! Nakwenda!"

Akaenda. Mzee akabaki ameunyoosha tena ule mkono hewani. Nami nikamwambia, "Vumilia Mzee, mkeo ndiye mtu wa kumpata." Akanigeuzia macho ambayo sikuyaelewa. Sasa hivi nikiyakumbuka najiambia nimeyaelewa, halafu nasema hapana.

Kisha Qasim akaja. Sisi watu wa Iskandaria tunazipa dhoruba zetu majina, na Qasim hapigi hodi. Bahari ikapanda barabarani, tramu zikasimama, maduka yakateremsha milango. Bi Insaf akavaa mtandio, akafika kwenye ngazi, maji yamefika kipandio cha tatu. Akarudi.

Ananiambia: "Nilisimama jikoni nikaona sina pa kwenda. Nikachana mikate iliyokauka kabatini. Nikamimina maziwa. Malai hakuna, lozi hakuna, nikatia karanga. Sukari ndiyo nilizidisha. Nikalitoa bakuli tanurini, nikaenda kukaa naye. Mara ya kwanza nikakaa vizuri, miguu juu ya kitanda, maana nitakwenda wapi? Nikamlisha. Akameza. Akanishika kifundo cha mkono, mkono ule wenye kijiko. Akasema, 'Ndiye huyu.'"

Ndiye huyu, wasikilizaji wapendwa. Akalala bila kumwachia mkono. Baada ya adhana ya alasiri pumzi ikakata.

Mnajua matangani hakiliwi kitamutamu. Ni kahawa chungu tu na Kurani. Lakini wanawe walikuwa wanabishana kwa kunong'ona, na mimi nimekaa katikati.

"Ameridhika," Galal anasema. "Alikuwa anataka cha nyumbani. Baba alikuwa amechoka na maduka. Karanga badala ya lozi, hiyo ndiyo siri. Mama, ulitia karanga kiasi gani?"

"Wewe Galal una akili ya kompresa ya friji," Nihal akamkata. "Bakuli lile lilikuwa baya! Nilionja. Sukari tupu, chini limeungua. Baba angesema siye kabla hajameza. Alimshika Mama mkono, hukuona?"

"Aushike mkono, alisifu bakuli, vyote si vinawezekana?"

"Bakuli haliitwi ndiye!"

"Kwa Baba linaitwa!"

Nami mwamuzi gani? Nilikuwa namwangalia huyu, namwangalia yule, nakubaliana na wote. Nikamgeukia Bi Tafida, dada wa marehemu. Bi Tafida ameinamisha kichwa, anaizungusha pete yake kidoleni. Akasema polepole, "Insaf. Waambie."

Bi Insaf akaweka kikombe chini.

"Kabla yako Galal," akasema, "alikuwepo Ali."

Wanawe wote wawili wakamgeukia.

"Alizaliwa majira haya haya ya Qasim. Alikuwa na pua ya baba yake. Mtaa mzima wakaniita Mama Ali, na baba yenu akiingia kutoka kazini anaita toka chini ngazini, 'Mama Ali! Mama Ali, nimekuletea kaimati!' Hakufika kutambaa. Homa ikamchukua. Nilipomaliza matanga yake nikamwambia Wagdi, jina lile nisilisikie tena, nitakufa. Hakulitamka. Ulipokuja wewe Galal nikashukuru, watu wakapata jina jingine la kuniita. Na yeye kile kitamutamu hakukileta nyumbani, wala hakukila nje. Nilikuwa namsikia redioni anawapiga chenga wale wanaomwuliza, nami niko jikoni nalia."

Nihal alikuwa ameshika mdomo. "Mama. Sasa alipokitaja pale kitandani, wewe ulijua?"

"Nilijua? Sijui kama nilijua." Akajipangusa kwa mtandio. "Nilisikia jina lile nikashtuka kama nimepigwa. Halafu nyinyi mkasema, oo, anataka kula! Nikashukuru Mungu. Nikasema ni chakula, ni bakuli tu. Nikakimbia. Nikikaa ataliita tena, nikienda dukani nitaleta maziwa na mikate. Nilizunguka mji mzima ninamtafuta Mama Ali, na kila nikirudi nilikuwa naogopa kuketi."

Galal, mtu mzima na masharubu yake, akaenda akalala mapajani mwa mama yake. "Sasa Mama, alimaanisha nani?"

"Hata mimi nakuuliza wewe. Nimeolewa na mtu aliyeongea na maharage. Nilikuwa nimeshika kijiko, naye kanishika mimi. Akasema ndiye huyu. Unataka nimwulize nani?"

Hivyo ndivyo ilivyo, wasikilizaji wapendwa. Mzee Wagdi aliomba Mama Ali. Akaletewa Mama Ali wa kila duka, akasema siye. Qasim akafunga njia, mkewe akakaa, akasema ndiye. Mimi usiku nasema, ni wazi, mtoto mdogo angeelewa. Asubuhi nakumbuka alivyokuwa akimsifu kaimati kwa adabu zake, najiambia, Rawya, huenda zilikuwa karanga tu. Wazee wetu husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wao hawakutuambia cha kufanya wakati cha mvunguni na wa kitandani wana jina moja.

Jambo moja tu sina wasiwasi nalo. Jana nilimpigia Bi Insaf kumwambia kwamba leo tutamsomea rambirambi. Nikasema, "Nitaanza, kwa Mama Galal na familia." Akanikatiza. Akasema, "Mwanangu, jina lile nililikataza mimi. Amekaa nalo mdomoni miaka yote hiyo kwa ajili yangu. Kama alikuwa ananiita mimi au bakuli, mimi nimeitika. Nitaje hivyo."

Basi na tumtaje. Poleni sana Galal na Nihal. Pole Bi Tafida. Poleni Mu'allim Disuqi na mkeo, na nyote mnaosimama nyuma ya masinia na matanuri ya mji huu, amekula kwenu na kuwaombea. Na nyinyi mnaonisikiliza mkiwa mmeshikwa na shughuli, kuna mtu nyumbani anawaomba kitu, nanyi mko mbioni kukitafuta. Tazameni kwanza kama mkono wake hauko hewani. Tumwombee Mzee Wagdi rehema, na tumwombee mwanawe Ali, ambaye leo ametajwa hewani kwa mara ya kwanza.

Pole sana, Mama Ali. Nje kunanyesha tena, na tramu wameniambia hazijaanza. Kaa, mama. Usitoke kwenda kutafuta.